Refa wa Stoo ya Pamba

Ukimuuliza mtu yeyote wa Mbumbuni wa rika langu, atakuambia Refa alikuwa na vitu vitatu: filimbi, vikombe vya bati na macho. Filimbi aliinunua mwenyewe. Vikombe alivitoa jikoni kwa mkewe bila kuomba ruhusa. Lakini alichojivunia zaidi ni macho, na kuhusu hayo macho mimi nilimfanyia jambo baya ambalo nilikaa nalo miaka saba. Nitalieleza likifika zamu yake. Nikianza nalo mtanichukia mapema, na kuna mengi ya kucheka kabla ya hapo.

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu ilikaa barazani, mkabala na ile stoo iliyobaki tupu watu walipoacha kulima pamba. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mama mwenye baa ya jirani alileta meza ya pool kutoka Kitui juu ya lori la magunia. Ilikataa kupita mlango wa baa, akaiweka stoo. Wiki ya kwanza tulicheza bila refa. Wiki ya pili kijana mmoja alipigwa fimbo ya pool mgongoni, fimbo ikavunjika, na hadi leo hakuna anayejua ule mpira wa njano uligusa ukingo ama haukugusa. Wiki ya tatu yule mama alijifunga leso akaenda kumwita Refa.

Wakati huo alikuwa ameshaitwa Refa miaka mingi. Alichezesha mpira wa miguu kwenye uwanja wa soko tangu miaka ya sabini, na alisimamia drafti za vifuniko vya soda kwenye kila baraza. Mkewe alimwita Refa. Mchungaji alimwita Refa hata akimwombea. Nadhani kuna watoto waliokua wakidhani hilo ndilo jina alilobatizwa nalo.

Alikubali kuja stoo kwa masharti mawili. La kwanza, pombe isivuke kizingiti, kwa sababu yeye alikuwa mzee wa kanisa. La pili, kuwe na rufaa.

"Mimi nitakosea," alituambia siku ya kwanza, amesimama kando ya meza na koti lake la kijivu, sote tumemzunguka na fimbo mikononi. "Mimi ni mtu. Sasa nikikosea mnataka mnifanye nini? Mnipige, ama mniambie?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Tukupige, Refa."

"Haya, wewe utakuwa wa mwisho kucheza," akajibu, na kweli akamweka wa mwisho.

Rufaa yake ilikwenda hivi. Ukiona umeonewa, hupigi kelele. Unaweka chaki yako juu ya ukingo wa meza kabla fimbo nyingine haijapigwa. Fimbo ikishapigwa, kesi imekufa, hata kama malaika alikuwa shahidi wako. Chaki ikiwekwa, Refa anapuliza filimbi mara mbili na kufunika kila mpira unaobishaniwa kwa kikombe cha bati, ili asitokee mtu wa kuusukuma kwa tumbo. Niliwahi kuona meza nzima imejaa vikombe vimepinduliwa. Mgeni mmoja aliyekuwa akipita akauliza kama hapa ni hoteli.

Halafu inakuja sehemu ambayo iliwashinda wengi. Kabla ya kusema yako, ni lazima useme ya mwenzako. Unaanza na "mimi" kana kwamba wewe ndiye yeye, na unaendelea mpaka yeye mwenyewe aridhike na kutamka, "Ndio mimi huyo." Asipotamka, rudia. Rufaa nyingi zilifia hapo. Mtu anaanza kwa hasira, "Mimi ni huyu mwizi, nimeguza mpira na tumbo," na mwenzake anasema hapana, si mimi huyo, jaribu tena. Akifika mara ya tatu amepoa, ameanza kuona kwamba huenda yule jamaa alikuwa na haki kidogo, na anachukua chaki yake anairudisha mfukoni.

Waliofika mwisho walipelekwa kwa Watatu wa Mgongo. Hao walikuwa watu watatu walioketi nje kwenye benchi siku nzima ya mashindano, wameupa mlango mgongo, hawaruhusiwi kugeuka. Refa alisema aliyeona ni shahidi, hawezi kuwa hakimu. Kwa hivyo alitafuta watu ambao hawajaona kitu. Mama mmoja muuza mboga alipenda sana kazi hiyo kwa sababu aliendelea kupanga nyanya zake huku akihukumu. Ukishindwa mbele ya Watatu, adhabu ilikuwa moja tu: unafagia stoo, kona hadi kona, Refa amesimama hapo akikuonyesha ulipoacha.

Watu waliuliza alitoa wapi hayo mambo. Hakuyatoa kwenye kitabu chochote cha pool. Miaka ya sitini alikuwa mkalimani kortini, Kitui. Hakimu anasema Kiingereza, mshtakiwa anasema Kikamba, na yeye katikati. Mkalimani hasemi "anasema aliiba". Anasema "niliiba". Alivaa maneno ya kila mtu, ya mwizi asubuhi, ya mwenye mali mchana.

"Mimi nimekiri wizi wa ng'ombe kuliko mtu yeyote Ukambani," alipenda kusema, "na sijakula hata kwato."

Kulikuwa na bibi mmoja aliyeibiwa ng'ombe, akaketi kortini akimsikia huyu kijana wa koti akisema kwa sauti kubwa, "Ndiyo, niliingia bomani, nikafungua kamba." Bibi hakuelewa mpango wa korti. Siku ya soko alimkuta akinunua ndizi, akamchapa kwa bakora mbele ya watu, akimwuliza kama mwizi amekiri, mbona anatembea. Refa alituhadithia hiyo mara nyingi, na kila mara alimtetea bibi. Alisema yule bibi alikuwa na kesi nzuri sana.

Hapo ndipo palikuwa na udhaifu wake, nami ningefaa kuukumbuka mapema. Akisema kesi ya mwingine, aliiamini.

Kanisani walimwita kwa sababu ya pool. Walisema mzee wa kanisa hawezi kuonekana kwenye nyumba iliyoshikana ukuta na baa. Akaomba jambo moja, kwamba kabla ya kumhukumu, mchungaji aseme kesi ya Refa. Mchungaji alijaribu, akatafuna maneno. Refa akamwonea huruma, akasema basi ngoja mimi niseme ya kanisa. Akasimama, akaisema. Alisema mfano mbaya kwa vijana, alisema moshi wa sigara kwenye koti la ibada, alisema yule kijana wa fimbo mgongoni. Wazee walikuwa wamekuja wakitaka kumwonya tu. Alipomaliza, walimsimamisha asishiriki meza ya Bwana Jumapili tatu, naye akapiga kura pamoja nao. Alitoka akiwa amefurahi kwamba kesi imesemwa vizuri.

Nyumbani mkewe aliujua udhaifu huo siku nyingi. Mama huyo ni mfupi, mwenye maneno machache, na sijawahi kumwona akigombana. Refa akianza kufoka, yeye anaketi tu, anasema, "Sema yangu kwanza." Mzee anaanza kusema ya mkewe, na akifika katikati sauti inashuka.

"Tangu nioe sijashinda hata kesi moja," alinilalamikia mara moja akiwa amekuja kuwekewa kiraka. "Na zote nimezisema mimi mwenyewe."

Msidhani alikuwa malaika. Kwenye drafti alikuwa mwizi mkubwa. Ukigeuka kuangalia gari likipita, ukirudi kifuniko chako kimehama. Ukimlaumu anakuuliza, kwa upole kabisa, "Uliona?" Kama hukuona, hakuna kesi. Nilimwuliza itakuwaje refa anaiba. Akasema akiwa refa ni refa, na akiwa mchezaji kazi ya kuona ni ya yule mwingine. Mimi naona aliiba ili kutufundisha kuangalia, lakini mkewe husema aliiba kwa sababu hapendi kushindwa, na mkewe anamjua zaidi.

Sasa macho. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, lakini alisimama barazani kwangu akataja ng'ombe ni wa nani ng'ambo ya bonde. Alisoma namba ya gari kabla sisi hatujajua kama ni gari ama ni vumbi. Kina mama wa kanisa walimletea sindano awatilie uzi. Alinyoosha mkono wote mbele, akafunga jicho moja, na uzi ukapita. Mimi mwenyewe, fundi, nikichoka jioni nilimwita anitilie uzi kwenye cherehani, naye alikuja akijigamba kutoka ng'ambo ya barabara.

"Macho haya," alikuwa akisema, akiyagusa kwa kidole kimoja kimoja, "nikizikwa myatoe kwanza mpeleke shule."

Stooni, kwa miaka miwili, wachezaji walikatiana rufaa wao kwa wao: nani aligusa, nani alisogeza, nani alipiga kabla ya zamu. Kukata rufaa dhidi ya kitu ambacho Refa amesema ameona, hilo hakuna aliyethubutu. Sheria ilikuwepo. Alikuwa ameitunga mwenyewe: ukimkatia refa rufaa, huyo refa ndiye anayesema kesi yako, na wewe unanyamaza. Ukiridhika unatamka yale maneno matatu. Hatukuwahi kuitumia.

Nikaja kuitumia mimi.

Ilikuwa fainali ya mashindano ya mwisho wa mwaka. Zawadi ilikuwa mbuzi jike, mweupe mwenye sikio moja jeusi, aliyeletwa na mfanyabiashara wa mifugo kutoka Tseikuru. Mtu huyo wa Tseikuru alikuwa Mwislamu mpole mwenye kofia safi, na kwa kuwa hakumjua mchezaji yeyote, Refa alimweka benchi la Mgongo pamoja na mama wa mboga na mwenye mashine ya kusaga. Niliyecheza naye alikuwa dereva wa lori kutoka Kitui, mtu wa mkono wa kushoto, mwenye mdomo. Tangu asubuhi alikuwa akimwita yule mbuzi kwa jina la mke wake mwenyewe, akisema anampelekea mke huyo mwenzake. Mbumbuni wote walikuwa nyuma yangu. Nilitaka sana kushinda.

Saa kumi za jioni tulibaki na blaki tu, ule mpira mweusi wa mwisho, kila mmoja wetu. Nyeupe ilikuwa mbali, blaki karibu na shimo la kati lakini imekaa vibaya. Zamu yangu. Nikalala juu ya meza, mkono wa kushoto mbele. Nilivaa shati jeupe la mikono mirefu nililojishonea mwenyewe, na vifungo vya mkono sikuwa nimevifunga kwa sababu ya joto.

Kifungo kiligusa blaki. Nilikisikia. Kilitoa kile kisauti kidogo cha plastiki, na blaki ikasogea kama upana wa punje ya hindi. Ikasogea upande mzuri.

Filimbi ikalia kabla sijapiga.

"Faulo," Refa akasema. "Kifungo kimeguza blaki. Dereva ana fimbo mbili."

Dereva akacheka, akaanza kupaka fimbo yake chaki. Watu wetu wakapiga kelele. Na mimi, badala ya kusimama pembeni kama mtu mzima, nilitoa chaki mfukoni nikaiweka juu ya ukingo.

Refa aliiangalia ile chaki, kisha akaniangalia.

"Kwa nani, Fundi? Kwa dereva?"

"Kwako, Refa."

Akapuliza mara mbili. Akafunika blaki kwa kikombe, akafunika nyeupe kwa kikombe kingine, akavua kofia yake akatoka mlangoni kuongea na ile migongo mitatu. Sisi sote tukajaa nyuma yake. Moyoni nilitumaini kitu kimoja cha kijinga: kwamba ataisema kesi yangu vibaya, nishindwe, nifagie, yaishe. Sikukumbuka alivyoisema kesi ya kanisa mbele ya mchungaji.

"Mimi ni Fundi," akaanza, kwa ile sauti ya korti. "Nimekaa na vifungo maisha yangu yote. Mtu anayeshona vifungo kila siku, hajui chake kiko wapi? Mkono wangu ndio shamba langu. Sasa Refa anasema ameona. Alikuwa amesimama wapi? Alikuwa ameangalia dirisha. Saa kumi jua linaingia kwa hilo dirisha moja kwa moja. Aliona kivuli cha kifungo kikipita juu ya blaki, akadhani ni kifungo."

Mama wa mboga akaacha nyanya.

"Na mimi Fundi," akaendelea, polepole sasa, "nina neno lingine ambalo sikutaka kulisema mbele ya watu. Huyu Refa ananitilia uzi kwenye cherehani. Juzi alijaribu mara mbili. Zamani ilikuwa mara moja. Sisemi ni mwongo. Sijawahi kumwona akidanganya na filimbi mdomoni. Mimi nasema tu amezeeka, na hakuna aliyempenda vya kutosha kumwambia."

Hiyo ya uzi ilikuwa kweli, lakini juzi hiyo uzi wenyewe ulikuwa umechakaa nchani, ndiyo maana. Nilijua. Akanigeukia. Uso wake ulikuwa umebadilika, kama mtu aliyepewa habari na mgeni.

"Fundi. Ndio wewe huyo?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nilimwona dereva akitabasamu, niliwaona watu wetu, nilimsikia mbuzi.

"Ndio mimi huyo," nikasema.

Mwenye mashine ya kusaga hakusita. "Mimi namjua Refa. Akisema ameona, ameona. Faulo."

Mama wa mboga akasema, "Wazee wetu huzeeka na sisi tunanyamaza tu. Mpeni Fundi."

Mtu wa Tseikuru alifikiri kitambo. Akasema yeye ni mgeni, hajui macho ya mtu, lakini amesikia kesi moja ikisemwa vizuri na nyingine haijasemwa na mtu yeyote. "Mpeni Fundi," akasema.

Refa akaingia, akaondoa vikombe kimoja kimoja. Blaki ilikuwa pale kifungo changu kilipoipeleka, na kutoka hapo hata mtoto wa nasari angeiingiza. Nikaiingiza. Watu walinibeba. Nikiwa juu ya mabega yao nilimwona akipuliza filimbi ya mwisho, akaivua shingoni, akaitundika kwenye msumari karibu na dirisha. Hakuja tena stooni.

Wiki iliyofuata alikuja sokoni amevaa miwani. Aliinunua kwa mchuuzi aliyeitandaza chini pamoja na betri na viwembe, miwani mizito ya mtu mwingine kabisa, imefungwa kamba nyuma ya kichwa. Kina mama wakamletea sindano, akakataa kwa adabu. "Pelekeni kwa wenye macho," akasema. Kwangu hakuja tena kutia uzi, na mimi sikuthubutu kumwita.

Yule mbuzi alizaa. Alizaa pacha, na pacha wakazaa, na wote walikuwa na sikio moja jeusi, wakanijaa bomani wakinitazama. Mama yangu aliwasifu kila mgeni akija. Nilichukia kuwalisha. Nilijiambia kwamba sikusema uongo, kwamba ni yeye aliyesema yote, mimi nilisema maneno matatu tu. Hiyo hesabu ilinisaidia mchana, nikiwa na wateja.

Mpaka ile asubuhi aliposalimia shati. Nilikuwa nimetundika kazi barazani, shati jeupe la mteja na koti juu ya hanga. Refa alipita na miwani yake, akasimama, akavua kofia.

"Wĩ museo?" akaliamkia shati kwa Kikamba. Akangoja. "Haya, kama uko na haraka, tutaongea."

Akaenda zake. Wanafunzi wangu wawili wa ushonaji walicheka mpaka wakashika ukuta, na mimi nilicheka pia, sikuweza kujizuia. Kisha nikashindwa kushona. Nilikaa na mguu juu ya pedali mpaka saa sita, kitambaa hakijasogea. Niliona aibu ambayo sijawahi kuona, hata siku baba yangu aliponikuta naiba sukari.

Kesho yake nilimfunga kamba mbuzi mmoja, mjukuu wa yule mbuzi wa Tseikuru, nikapanda naye hadi kwa Refa. Nilimkuta uani kwenye kiti chake, akichambua mbaazi kwa kupapasa. Mkewe alikuwa mlangoni mwa jikoni na kuku wake.

"Nani huyo na mbuzi?"

"Ni mimi, Refa. Fundi. Nimekuja kukata rufaa."

Mikono ikaacha mbaazi. "Rufaa ya nini?"

"Ya ile fainali."

"Si ulishinda?"

"Ndio maana."

Akacheka kwa pua. Akasema tangu korti mpaka mpira mpaka pool hajawahi kuona mtu aliyekatia rufaa ushindi. Halafu akajikalisha sawa, akaweka mikono juu ya magoti, na nikaisikia tena ile sauti.

"Sheria unaijua. Sema yangu kwanza."

Nilisimama mbele yake na kamba mkononi. Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima, na yote ilianza na kujitetea. Sasa ilibidi nianze na yeye.

"Mimi ni Refa," nikasema. "Siku hiyo nilisimama nimeelekea dirisha, lakini jua lilikuwa nyuma ya nguzo, halikunigusa. Macho yangu yalikuwa mazima. Nilimwona Fundi akilala juu ya meza. Nikaona kifungo chake cha mkono wa kushoto kikigusa blaki, na blaki ikasogea punje moja ya hindi. Nikasema faulo, na ilikuwa faulo. Nilipojaribu uzi mara mbili ni uzi wenyewe uliokuwa mbovu. Fundi alijua. Fundi alisikia kile kifungo. Akasema ndio mimi huyo, na hakuwa yeye."

Kuku mmoja akapita katikati yetu.

"Kifungo gani?" akauliza. "Mkono ulikuwa na viwili."

"Cha juu, Refa."

"Wapi! Cha chini," akasema. "Kile ulichoshona na uzi wa bluu."

Nilisahau kabisa. Uzi mweupe ulikuwa umeniishia wiki hiyo, nikashona kimoja na bluu, nikasema hakuna atakayeona. Alikuwa amekiona toka upande wa pili wa meza, akakaa nacho miaka saba akidhani ni ndoto ya mzee.

"Ndio mimi huyo," akasema.

Akafungua ile kamba nyuma ya kichwa. Alivua miwani polepole, akapangusa alama mbili zilizobaki puani, akafumba macho, akafumbua. Alitazama bonde. Alitazama jikoni.

"Mama," akamwita mkewe, "kumbe hiyo leso ni mpya."

"Ina miaka minne," mkewe akasema. Kisha akanigeukia mimi, na hakupandisha sauti. "Fundi. Miaka saba huyu mzee ananikanyagia vifaranga. Nilidhani ni Mungu. Kumbe ni wewe."

Niliomba msamaha. Niliomba kwa Kikamba, nikaomba kwa Kiswahili. Refa alikuwa na hasira, aliniambia wazi kwamba ana hasira, kwamba alitaka filimbi yake kila Jumamosi ya mchezo na kila Jumamosi akajizuia. Alisema hataki niondoke nikidhani ni jambo dogo. Nikasema najua si dogo. Nikamnyooshea kamba ya mbuzi.

"Huyo si wangu," akasema. "Ni wa yule dereva wa Kitui. Utampeleka, na utamweleza mwenyewe, na utasema yake kwanza."

"Sawa, Refa."

"Na rufaa yako imechelewa. Fimbo nyingine ilishapigwa. Umeshindwa." Akaonyesha kwa kidevu. "Ufagio uko nyuma ya mlango."

Nilikuwa na mvi kidevuni na wanafunzi wawili. Nilimfunga mbuzi kwenye nguzo, nikachukua ufagio, nikaanza kona ya ghala lake. Nilifagia uani kote, chini ya mwembe na mbele ya jikoni, mkewe akinisimamia kimya na kuku wake. Nilipomaliza nikasimama kupumua. Refa alikuwa bado kwenye kiti chake, hatua kama ishirini kutoka kwangu, miwani imelala ndani ya bakuli la mbaazi.

"Umeacha jani," akasema.

Nikaangalia. Uwanja ulikuwa safi. "Hakuna jani, Refa."

"Unakata rufaa?"

Mkewe akatoka jikoni kabisa ili asikie. Nikaweka ufagio chini.

"Mimi ni Refa," nikaanza. "Nimekaa hapa kwenye kiti. Naona jani moja, liko..." Nikakwama, kwa sababu sikujua niseme liko wapi. Nikaenda kusimama kando ya kiti chake, nikainama mpaka kichwa changu kikawa sawa na chake, nikatazama alikotazama. Lilikuwa limejikunja nyuma ya gogo la kupasulia kuni, jani dogo la mbaazi, kavu, rangi ya udongo.

Nikaenda nikaliokota.